Ziwa Halina Idara

Hakuwa profesa. Nalisema mapema, asije mtu wa chuo akasoma hapa akadai bibi wa Bukima anagawa vyeo. Siku ya kwanza alipofika uwanjani kwangu alijitambulisha kuwa ni daktari, na kabla hajamaliza kunywa maji, jirani zangu wawili walishaleta watoto wenye homa na mzee mmoja alishavua shati aonyeshe mgongo unaomsumbua. Bwana yule akaeleza kwamba udaktari wake ni wa kusoma vitabu, hana hata kidonge cha kichwa. Mzee akavaa shati lake polepole, akasema, "Daktari asiyetibu atatuchanganya. Huyu awe profesa." Basi akawa Profesa, Bukima, Kiriba, mpaka Bunda na Butiama alikopita, na mwenyewe akaona nafuu ni kuitikia.

Alizaliwa wapi na ni wa ukoo gani sikumwuliza, ingawa kwetu hilo ndilo swali la kwanza. Nilimwona anauliza watu kutwa nzima, nikasema angalau nyumba moja asiulizwe.

Alikuwa mrefu, mwembamba, miwani yake kaifunga shingoni kwa uzi wa kushonea nyavu, maana aliiangusha mara mbili ziwani. Mtu aliyeandika habari za ziwa miaka yote ile hakujua kuogelea. Akipanda mtumbwi alishika ubavu kwa mikono miwili, macho kayafumba, na wavuvi walimtaniaga kwamba anahesabu samaki kwa sala. Harufu ya dagaa wanaoanikwa ilimshinda pia. Alipita mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, ameziba pua kwa leso, halafu jioni anakula dagaa wale wale sahani mbili.

Kabla yake wataalamu walikujaga mmoja mmoja, kama wageni wa msiba waliochelewa. Huyu kajaza maji kwenye chupa, kaondoka. Mwezi mwingine kaja wa kupima samaki. Halafu wa kutoa damu ng'ombe. Halafu dada mmoja na karatasi zake, anataka kujua nina magodoro mangapi. Aliyechukua damu ya ng'ombe hakumjua aliyechukua maji anayokunywa ng'ombe huyo, na wote wawili hatukuwaona tena. Ukiwauliza majibu yako wapi, wanasema yatakuja kwa njia ya ofisi. Ofisi hiyo mpaka leo sijui mlango wake unaangalia wapi.

Profesa alipokuja nilikuwa nimeshachoka na watu hao. Nilimwambia achukue anachotaka, maji, damu, udongo, lakini majibu ayarudishe hapa uwanjani kwangu, kwa mdomo wake, kwa Kiswahili ambacho mtu aliyeishia darasa la nne atakielewa. Aliandika kwenye daftari lake. Kisha akaeleza alichokuja kufanya. Alisema chuoni kwao kila fani ina chumba chake na ufunguo wake, watu wa samaki huku, watu wa mifugo kule, wanasalimiana kwenye korido tu, na sasa wameanzisha mradi wa kuwatoa wote vyumbani wakafanye utafiti pamoja.

"Ziwa halina idara, Mama," akasema. "Tukija tumegawanyika tutarudi na vipande."

Nikamwambia vipande ndivyo tulivyozoea.

Alikuja na watu wanne. Majina yao niliyasikia nikayasahau, nikawaita kwa kazi zao, na wao wakazoea. Dada wa Samaki, Bwana Mifugo, Bwana Udongo, na yule dada wa magodoro, ambaye nilimwita Mama Fomu. Walikodi vyumba viwili vya mtoto wangu aliyehamia Musoma mjini, na mimi nikawa napika. Hivyo ndivyo nilivyomjua Profesa. Miaka kadhaa, kila msimu wanakuja, wanakaa wiki tatu au nne, wanaondoka.

Jambo lililonikera kwanza ni sinia. Kwetu mgeni mwanamume hali na wanawake chombo kimoja, na mimi nilikuwa nimeshapanga, wanaume barazani, mabinti jikoni kwangu. Profesa akakataa. Alitaka sinia moja, watano wote wakae chini, mikono yao iingie mahali pamoja. Nikasema haiwezekani. Akasema basi leo hatuli. Walikaa na njaa mpaka ugali ukaota ngozi, nami nikaona aibu itakuwa yangu, nikaweka sinia moja.

Na sinia lile lilikuwa na sheria. Wakimaliza kula, kabla ya kunawa, kila mmoja aseme kitu kimoja alichokiona siku hiyo ambacho si cha fani yake. Dada wa Samaki asitaje samaki. Bwana Mifugo asitaje ng'ombe. Asiye na kitu, au mwenye kitu ambacho wenzake wamekiona hakina maana, huyo anaosha vyombo vyote, masufuria na masizi yake. Profesa aliyaandika yote kwenye daftari, yenye maana na yasiyo na maana. Mimi nilisimama pembeni na jagi la maji ya kunawa nikisikiliza. Ilikuwa raha, sitakataa. Bwana Mifugo, mtu mkubwa mwenye sauti ya kuchungia, alianza kuona mambo kama vile akina mama wa huku kuchota maji asubuhi kabla upepo haujavuruga ufukwe. Dada wa Samaki akajua bei ya mbegu za mtama. Bwana Udongo ndiye aliyeoshaga kuliko wote. Alikuwa mpole, haongei, kila siku anakuja na vitu vidogo. Ameona kiatu kimoja njiani. Ameona kuku analala juu ya mtumbwi. Wanacheka, anachukua masufuria.

Profesa naye aliosha. Jioni moja alianza kueleza jambo refu la mvua na mawingu, nikamkatiza kwamba hilo mtoto wa chekechea analijua. Wenzake wakapiga makofi. Akakunja suruali, akachukua majivu, akasugua sufuria mpaka ukajiona uso ndani.

Bunda aliwapeleka kwa wakulima wa pamba, na mimi nikaenda kuwapikia. Mkulima mmoja mzee, kifua wazi, kofia ya maturubai, alipoambiwa kuna mtaalamu wa samaki katikati ya pamba yake alidhani anachezewa. Profesa akamweleza kwamba dawa anayopulizia huku, mvua ikinyesha, inashuka na mto hadi kwa samaki, na samaki hajui kwamba ile ni ya pamba. Mzee akafikiri. Akasema, "Basi na samaki aje kupalilia." Profesa alicheka akakaa chini kwenye tuta. Kisha akamwachia yule mzee Dada wa Samaki wapalilie naye siku mbili, na alichojifunza huko kuhusu dawa, siku za kupulizia na mahali wanapooshea mabomba, alisema kwenye vitabu vyao hakimo.

Butiama ndiko nyumbani nilikozaliwa. Nilimpeleka kwa mjomba wangu, mtu wa ng'ombe. Tulipofika zizini Bwana Mifugo akanyoosha kidole akaanza, mmoja, wawili, watatu, kwa sauti. Mjomba akafunga mdomo. Mali ya mtu haihesabiwi kwa kidole mbele yake, ni kama kuiita ife. Nilitamani ardhi ipasuke. Profesa hakuwa amewahi kuliona jambo hilo, lakini aliuona mdomo wa mjomba. Akamshusha Bwana Mifugo mkono, akamwomba radhi mzee, halafu akamwambia, "Sitaki kujua ni wangapi. Niambie habari ya yule mwenye baka jeupe." Mjomba akaanza na yule wa baka, akaja kwa mama yake, akaja kwa aliyetolewa mahari, na jua lilipoinama alikuwa amewataja wote, na Bwana Mifugo nyuma ya mti kalamu yake inakimbia.

Hivyo alijua kuuliza. Nataka hilo lieleweke kabla sijasema la lambo.

Alikuwa na makosa mengine, madogo. Alihubiri kusikiliza, lakini mwenyewe alikatiza watu. Sisi alitunyenyekea, na vijana wake aliwafokea kwa koma moja iliyokosewa. Alisahau kula akisoma, akasahau kusoma akiwa na njaa. Nilimwambia aoe mke wa pili wa kumkumbusha, akasema hata wa kwanza kamkatia tamaa.

Sasa la lambo.

Kijiji chetu kiko chini ufukweni, na juu mlimani kuna kitongoji ambako alizaliwa marehemu mume wangu, na wifi yangu, dada yake, akaolewa huko huko. Huko juu kuna lambo la maji ya mvua. Mvua ikiwepo, ng'ombe wa wote wananywa pale. Kiangazi kikianza, mwanamke mkubwa wa kitongoji anakata tawi la mnyaa, analilaza njiani, na kuanzia siku hiyo ng'ombe hawapandi. Wanashuka ziwani. Maji ya lambo yanabaki ya watu, wanawake wa juu wanachimba vishimo pembeni yanachuja, wanakunywa mpaka mvua irudi. Mnyaa unakaa mbichi muda mrefu na ng'ombe hawauli. Desturi hiyo haina faini, haijaandikwa popote. Zamani mama mkwe wangu ndiye aliyelaza tawi. Alipokufa, akawa wifi.

Ng'ombe wakishuka ziwani kiangazi, wanashukia chini ya nyumba yangu. Mavi yao ninayakanyaga mimi, maji wanayoyavuruga nayachota mimi. Hilo nalo lieleweke.

Mwaka ule Profesa na watu wake walikuwa wanaangalia ufukwe. Siku moja wakapanda na gari kulitazama lambo. Jioni, kwenye sinia, zamu ya Bwana Udongo ikafika.

"Nimeona tawi la mnyaa limelala njiani," akasema. "Halikuanguka. Limekatwa kwa panga, bado bichi. Dereva alishuka akalisogeza."

"Tawi ni tawi," akasema Bwana Mifugo.

Mama Fomu akasema labda ni mambo ya mmomonyoko, ni fani ya udongo hiyo, amevunja sheria. Dada wa Samaki akacheka. Profesa naye akacheka, akamwonyesha masufuria. Mimi nilikuwa nimesimama na jagi, hatua mbili kutoka kwao. Nikawamiminia maji ya kunawa.

Baada ya wiki walikubaliana wote wanne, jambo ambalo halijawahi kutokea. Ng'ombe watoke ufukweni, wanywe lambo mwaka mzima. Wa samaki alisema matete yatapona na samaki watazaliana. Wa mifugo alisema kule juu kuna malisho. Wa udongo alisema ufukwe utaacha kuliwa. Wa fomu alisema wanawake watachota maji safi, akimaanisha wanawake aliowahoji, ambao wote walikuwa wa chini. Profesa alifurahi mpaka akacheza uwanjani kwangu, miguu kama korongo. Serikali ya kijiji ikapitisha sheria ndogo, faini na kila kitu.

Wifi akashuka kuniuliza kama wageni wangu hawakuambiwa habari ya tawi. Nikamwambia hawakuniuliza. Nikaongeza kwamba hata tawi lenyewe hawakuliona.

Kiangazi kile kile lambo likawa tope. Wanawake wa juu wakaanza kushuka ziwani na ndoo, kupanda tena na ndoo, njia ya mawe. Wifi yangu aliteleza na ndoo kichwani. Mguu ulivunjika juu ya kifundo, ukaunga vibaya, na tangu hapo anatembea kama anayechimba shimo kila hatua.

Profesa alipopata habari alikuja kabla ya msimu wake. Mkutano ukaitishwa. Wataalamu niliowaona huko nyuma wangesema ni tabianchi, au ni wananchi hawakuelimishwa. Yeye alisimama na kofia mkononi akasema, "Kosa ni letu. Tulikuwa watano, kila mmoja alidhani mwenzake ameuliza." Hakuna aliyemzomea. Sheria ikafutwa. Na mimi nilikaa mstari wa mbele na kitenge changu kisafi, nikanyamaza mara ya pili.

Wifi hakugombana nami. Ingekuwa heri. Aliniamkia misibani, akaniuliza habari za watoto, basi. Alikuwa ndiye mtu niliyesuka naye mikeka tangu nimeolewa.

Mradi uliendelea miaka michache, ukafungwa. Dada wa Samaki alinihadithia kwamba Profesa aliomba uprofesa wa kweli, akapeleka maandishi yake yote. Watu wa samaki wakasema haya ni ya mifugo. Wa mifugo wakasema ni ya jamii. Wa jamii wakasema kuna udongo mwingi mno humu ndani. Akastaafu bila hicho cheo. Nilisikitika, kisha nikakumbuka kwamba sisi tulishampa.

Kiangazi kilichopita nikasikia bodaboda uwanjani. Ni yeye, na fimbo, bila gari, bila vijana. Miwani bado kwenye uzi wa nyavu. Alikuwa amepungua mpaka kola ya shati imebaki inamzunguka. Alikunywa maji, akauliza habari za mtoto wangu wa Musoma, akasema amekuja kumsalimia wifi yangu, na hawezi kupanda peke yake.

Tulipanda kama wazee, tunapumzika kila penye jiwe. Tawi la mnyaa lilikuwepo njiani, bichi. Profesa alisimama akalitazama. Hakuliruka. Alizunguka pembeni kwenye nyasi, akiinua miguu juu, nami nikamfuata.

Wifi alitukaribisha vizuri, kwa sababu ya mgeni. Akapika ugali wa muhogo na furu, samaki wadogo wale ambao tulidhani wameisha ziwani. Alianza kutenga chakula cha mgeni barazani, Profesa akamwomba sinia moja. Wifi akanitazama. Nikamwambia huyu usishindane naye. Tukakaa chini watatu, wifi mguu wake kaunyoosha pembeni, tukala. Walikuwa furu watamu. Kwa muda kidogo nilisahau, nikaona kama miaka ile imerudi na Bwana Mifugo yuko hapo anamaliza mboga ya wenzake.

Tulipomaliza wifi akanyoosha mkono kwenye jagi. Profesa akamwomba asubiri kidogo. Akamweleza sheria ya sinia, polepole, kama anayeeleza mchezo. Kisha akatoa mfukoni daftari lile la zamani, jalada limefungwa kwa gundi.

"Naanza mimi," akasema. Akasoma. "Tawi la mnyaa, bichi, limekatwa, limelazwa njia ya lambo. Vicheko." Akafunga daftari. "Hilo lilisemwa, Mama. Mwenzetu mmoja aliliona akalisema, na aliyeongoza kucheka ni mimi. Kwenye mkutano nilisema hatukuuliza. Sikusema kwamba tuliambiwa."

Wifi akauliza, "Lilisemwa wapi?"

Profesa alifuta miwani yake kwa shati. Sijui kama alikusudia kuniachia mimi, na sikumwuliza, lakini zamu ilikuwa yangu, na mikono yetu wote watatu ilikuwa bado ina ugali.

"Kwangu," nikasema. "Nilikuwa nimeshika maji ya kunawa. Nilijua ni lako, na nilijua maana yake. Nilitaka ng'ombe watoke chini ya nyumba yangu. Wewe nikakudanganya kwamba hawakuliona."

Nje mbuzi alikuwa anakohoa. Wifi aliutazama mguu wake, si kwa hasira, kama mtu anayetazama kitu alichokiokota akawa anamtafuta mwenyewe. Kisha akanawa, taratibu, kidole kimoja kimoja, akalisukuma jagi upande wangu.

"Vyombo viko pale," akasema.

Nikainuka. Magoti yangu siku hizi hayapendi kuinuka. Nikakusanya sinia, bakuli, na sufuria la ugali lililoshika chini, nikachota majivu. Nilimsikia Profesa nyuma yangu anaitafuta fimbo yake ili aje anisaidie, na wifi anamwambia, "Wewe kaa. Wewe ulishaosha vyako."